Mpangaji Wangu, Mnazi wa Sinema

Jumatatu, 3 Oktoba 1949
Mvua. Bango la sinema limebandikwa kona ya Catford, na nani yumo? Mpangaji wangu, Bwana Feigl, uso mrefu kama mlango! Nimempa hongera. Akainamisha kichwa kama aliyepewa pole.
Ni Myahudi wa Brno. Wanazi walimmalizia mke na dada. Kufika London, watu wa filamu wakamwona anafaa kazi moja tu: kuwa Mnazi. Safari hii ni mwanasayansi wa maroketi, kajificha Cornwall, anatengeneza piano za watu.
Mwezi mzima nimemsaidia kukariri. Mimi polisi, yeye mhalifu, katikati yetu supu ya mbaazi. Matamshi nimemrekebisha mimi. Kiingereza kilichobaki, anasema, alikipata kwenye karatasi za ukutani nilizoandika kwa mkono wangu: FUTA MIGUU mlangoni, VUTA MNYORORO POLEPOLE msalani. Wino wa zambarau. Chupa aliiacha mwanangu Cyril, na mimi situpi kitu.

Alhamisi, 6 Oktoba
Tangazo lake limetoka gazetini, kati ya baiskeli kuukuu na paka aliyepotea. Ottokar Feigl anaomba uraia. Mwenye kujua sababu ya kumnyima amwandikie Waziri wa Mambo ya Ndani. Ndiyo sheria. Nchi nzima inakaribishwa kusema.
Anatakiwa wadhamini wanne, wazaliwa wa hapa, wenye nyumba. Wa kwanza mimi. Wa pili Pruett wa buchani.
Na filamu inaanza Jumamosi hii hii! Nikamwambia, Bwana Feigl, ungeahirisha kimojawapo. Akasema uraia ameungoja miaka kumi, na sinema haimngoji mtu.

Jumamosi, 8 Oktoba
Nimekwenda onyesho la mchana. Ukumbi pomoni.
Ikafika ile sentensi. Kwamba roketi lake lina huruma: linaitangulia sauti yake, anayekufa hasikii kitu. Nimeisikia mara hamsini, mezani kwangu. Lakini pale — koti jeupe, taa usoni, kitabasamu kile —
Mwanangu Cyril alikuwa kwenye foleni ya mkate roketi la Wajerumani lilipoanguka. Novemba '44. Sikuletewa hata kofia.
Nikainuka; watu wakageuka kunitazama. Nikatoka, sikungoja wimbo wa Mfalme unaopigwa mwisho wa filamu. Mara ya kwanza maishani.

Jumapili, 9 Oktoba
Nimemwandikia Waziri. Bila jina. "Namjua Feigl. Yule haigizi."
Barua nimeitia stempu, nikaitumbukiza posta. Kurudi nyumbani, nimemkuta ameshaosha vyombo vyote, hata sufuria langu lililoungua. Nikarudi hadi kona, nikalitazama sanduku la posta. Sanduku la posta halitapiki.

Jumanne, 11 Oktoba
Nimepanga foleni buchani. Pruett huyo: "Bi Tapscott! Mnazi wako anakula maini, au anakula watu tu?"
Nikamjibu, "Yule anaigiza, Pruett, kama wewe unavyoigiza kupima nyama."
Foleni ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaniinamia, akasema amejitoa udhamini. Hana ubaya na mtu, ila wateja wana macho.
Matusi niliyakuta yamejipanga mdomoni, nikayameza. Angalau yeye kasema kwa jina lake.
Bwana Feigl nimemwambia habari ya Pruett. Ya Pruett tu. Akacheka kidogo: "Basi nimeigiza vizuri mno, mama." Supu hakuimaliza.

Jumatano, 26 Oktoba
Naandika jikoni, nimesimama. Birika halijachemka. Sebuleni kuna Sajini Mottram wa polisi, kaja kuhoji wadhamini.
Kasema, "Mama, wanaomlalamikia kwa sababu ya sinema nawacheka. Pruett ana aibu, atarudi. Lakini kuna hii." Akaiweka mezani. Barua yangu, wino wa zambarau! "Huyu anadai anamjua. Kama ni kweli, mzee wako hapati uraia. Mwandiko unaufahamu?"
Nikasema nichemshe chai kwanza. Chai! Ulimi wa Mwingereza ukikwama, huita chai.
Hapo hapo Bwana Feigl akaingia na koti lililolowa. Akamsalimu Sajini, akainama kuweka kofia. Akaiona karatasi. Hakunitazama hata mimi. "Samahani, nimesahau tumbaku yangu." Akapanda ngazi.
Sasa Sajini anaulizia msala. Nimemwambia juu, mkono wa kushoto — na maneno yalipokwisha kutoka ndipo nikakumbuka kilichoning'inia ukutani mle!
Nimekimbilia chini ya ngazi. Nimechelewa, buti ziko nusu ya ngazi. Bwana Feigl anashuka, anampisha: "Baada yako, bwana." Mfuko wa koti lake umetuna, pembe ya karatasi inachungulia. Nimegeuka mlangoni. FUTA MIGUU haipo. Matundu manne ya pini tu.
Amenipita karibu kabisa. "Birika lako linalia, mama."
Nimerudi jikoni. Linalia kweli. Siliondoi.
Juu mnyororo umevutwa kwa nguvu, nyumba nzima imetikisika. Hakuna tena karatasi ya kumwambia avute polepole.
Buti zinashuka. Zimefika sebuleni. Sajini ananiita, niache chai, nijibu lile swali lake. Bwana Feigl anamwambia, mama huyu hajui kitu, bwana.
Na mimi kalamu bado iko mkononi, vidole vyote zambarau —