Mama, Sikulia Siku Tuliyokuzika

Mawe, mama yangu,

Huko uliko najua hujambo. Wewe ulikuwa hujambo hata ukiwa na homa. Nakuandikia kwa sababu kuna kitu kimenikaa rohoni: siku tuliyokuzika sikulia, hata tone. Wenzangu wanajigaragaza, mimi niko kwa wachimba kaburi nawachekesha. Mama mdogo akanivuta pembeni, "We mtoto, una moyo au una jiwe?"

Nikarudi gulioni Kasulu na mitumba yangu. Napiga kelele, "Njooni mchukue suruali, aliyeivaa kwanza alikuwa mlokole." Watu wanacheka, wananunua. Lakini nikikunja turubai najiuliza, au kweli sikumpenda mama yangu?

Unakumbuka mwaka aliokufa baba, pale Kitanga? Mvua ikashuka bado tuko matangani. Kwa desturi yetu jembe haligusi udongo mpaka msiba uondolewe. Wewe ukabeba jembe, mimi ukanipa kapu la maharage. Unapiga shimo, unalia. Unapiga lingine, unalia. Kamasi mpaka kidevuni. Mama mdogo akaja mbio, akasimama ukingoni mwa shamba.

"Dada, unatutia aibu. Mume hajapoa kaburini."

Ukamjibu umeinama vile vile, "Zaburi inasema wapandao kwa machozi. Haijasema wakae ndani walie, mbegu zijipande zenyewe."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu baba afe, nikajua leo napigwa. Ukaniangalia, na wewe ukacheka, machozi yanateremka tu.

Tulipovuna ukalia tena. Nikakwambia, mama, andiko si limesema kuvuna ni kwa furaha? Ukasema, "Na hii ndiyo furaha yenyewe. Wewe ulidhani inakuja peke yake?"

Mama mdogo yeye alishika lile neno la mchungaji, kwamba Yesu alilia lakini hakuna palipoandikwa alicheka. Kila nikitania, ananipiga nalo. Wewe ulikuwa unamwambia, "Mtu ameenda harusini, divai imeisha, akawaongezea nyingine. Huyo alikuwa amenuna? Na kwa Lazaro alijua kabisa anaenda kumfufua, bado akalia. Mwache mtoto, machozi hayapimwi kwa kibaba."

Basi Jumamosi tumeganduka, tumeondoa msiba wako. Pombe ya ndizi ilikuwepo, na soda za walokole. Mjomba akanipa nafasi niongee, akaninong'oneza, "Sema la Mungu, usituletee soko hapa."

Nikasimama. La Mungu lililonijia ni ile sala yako baada ya mbuzi kuibiwa. Nikawaambia, mama alipiga magoti akasema, "Bwana, mbariki aliyemchukua mbuzi wetu. Umbariki sana. Ila mguu mmoja uvimbe kwanza."

Mawe, uwanja mzima ulilipuka. Mjomba akamwaga pombe. Mama mdogo akacheka mpaka kitenge kikamfunguka, akawa anakitafuta huku anacheka.

Mimi nikageuka kuangalia kama na wewe umecheka.

Si unajua, kila nikitania watu nilikuwa nakutazama wewe kwanza. Shingo ikageuka yenyewe. Palikuwa na mkeka, na wajukuu zako, wewe hupo. Hapo ndipo yalipokuja yote, Mama, ya kaburini na ya siku zote zile. Watu wanacheka, mimi nalia kwa sauti, na hakuna aliyeshangaa. Mama mdogo akanifuta uso na ncha ya kitenge chake. "Kaa hapa, mwana wanje, mwanangu," akasema, na yeye bado anacheka.

Sasa moyo umetulia. Chakula kinapita vizuri, usingizi napata. Nitaendelea kutania, na shingo nayo itageuka tu, siwezi kuikataza.

Pumzika, Mawe. Wasalimie waliotangulia, na baba mwambie tunalima.

Ni mimi, kitinda mimba wako.