Kwa Baba Cephas, Ambaye Pijo Yake Iko Nyumba Mbili

Sori, Agosti 1967

Mwaka mmoja umetimia, Baba Cephas, tangu utuache hapa Sori, na nyumba yako bado haijatulia. Tungependa kukwambia sote hatujambo, lakini ulichukia uongo, na Mama amekataa tukudanganye.

Ulikuwa mtu wa mkono wazi na mdomo wa utani. Kwa ule mti mwepesi wa maboya ya nyavu ulichonga mwili wa gari, urefu wa mkono. Mashimo uliyaziba kwa nta na jivu, ukausugua kwa majani ya msasa mpaka ukateleza kama sabuni. Huo uliuita babu wa magari. Juu yake ulibandika magazeti yaliyolowa uji wa muhogo. Yakikauka unayavua, na hapo gari jipya limezaliwa. Watoto wa Sori waliyakokota magari yako njia nzima, na hukuwahi kumfukuza hata mmoja.

Tunakumbuka ulivyoipima Pijo, gari la padri, kwa kamba yenye mafundo, ukajilaza hadi chini ya tumbo lake. Dereva wake Monari akakuuliza, "Mzee, unataka kuiiba ama kuioa?"

"Kwanza nijue kiuno chake," ukamjibu. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Babu wa Pijo hiyo ulimchonga vipande viwili, kulia na kushoto, ili karatasi zivulike bila kuchanika. Hapo ndipo balaa ilipopata mlango. Siku ya kugawa vitu vyako, mdogo wako Jaoko na mwanao Onyango walimgombania. Mzee mmoja wa ukoo akasema, "Si ameshagawanyika mwenyewe? Kila mtu na upande wake." Ikaonekana ni haki. Jaoko akaenda na upande wa kulia kwake Sindo, Onyango na wa kushoto kwake Ntimaru, na tangu siku ile hawasalimiani. Na upande mmoja hauzai gari, Baba.

Majirani humfariji Mama kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Huwajibu kwa ukali, "Nimelima mwaka mzima. Hao wa kupatana wako wapi?"

Juzi aliwaita waje na vipande vyao, waviunganishe, wale pamoja kabla ya misa yako. Walikuja, wakaviweka mezani. Ole wetu! Cha Jaoko kilikuwa kimekaa na nyavu mbichi, kikavimba. Cha Onyango kilitundikwa juu ya moto wa jikoni, kikajikunja. Katikati palibaki pengo la kupitisha kidole.

"Baba mdogo, umekilowesha!" Onyango akafoka.

"Na wewe umekibanika!" Jaoko akamrudishia.

"Nyasaye, Mungu wangu!" Mama akasema. "Sikuwaita kwa ajili ya gari." Hawakumsikia. Kila mmoja akakumbatia kipande chake akaondoka, samaki wakapoa kwenye sahani. Mama alilia, Baba, kuliko alivyolia siku ya kukuzika.

Misa itasomwa Jumapili, na hatujui nani atakuja. Mama ameagiza majina ya wawili hao yakae mstari mmoja hapa chini, kwa kuwa benchi moja wamelikataa. Hutatoka mioyoni mwetu kamwe.

Mkeo Phelesia.
Binti yako Awino.
Mdogo wako Jaoko na mwanao Onyango.