Jina la Baba Yako

Mwanasha, kipenzi cha babu,

Huku Timbwani tu wazima, ila kelele za bibi yako zimezidi. Waniuliza kama kwetu pia vichanga vilikufa zaidi kuliko vya wengine, kama vya hao wenyeji asilia unaowauguza Australia. Tulizika wawili, kwa kifua. Wa tatu, baba yako, tukamlaza jaani, tukamwita Majaa, mauti yamwone takataka yampite. Kifua kikamshika vilevile. Tukakimbia naye kivukoni; feri iko ng'ambo, kisiwani, iliko hospitali. Mtoto akanyamaza, pumzi ikimpotea.

"Mfinye, we mwanamume!" bibi yako akanifokea.

Nikamfinya nyayo hadi tukavuka. Akachomwa sindano ileile ya watoto wa kisiwani, akalia. Kumbe mauti hayakujali jina. Yalikaa upande wetu wa feri.

Siku hizi ajiita Majidi. Mwache.

Babu yako mtundu