Orodha ya Sufuria za Bi Mastura

Utange, Kisauni
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na wote hapo Mtongwe ni wazima. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila tangu jana sikai nikatulia. Naandika kwa kuwa kwa simu ningekata kabla sijafika penyewe.

Unamjua Bi Mastura, mpishi wa harusi. Watu humpelekea ujumbe kila mtindo, naye ataka orodha: bibi harusi, babake, bwana harusi, siku. Nikajitolea kumwandikia programu kwa C, ile lugha ya kompyuta niliyojifunza mwenyewe. Unaipa kielelezo cha sentensi, na kila kipande unachokitaka unakitia ndani ya mabano. Lakini C, Mama, ni kama ami zangu: haikupi kitu mkononi. Yakwambia tu neno limeanzia wapi na limekomea wapi; kukata, ukate mwenyewe. Kipande nambari sifuri ni ujumbe mzima, vyako vyaanzia moja. Nilipoongeza mabano ya “bin au binti”, nayo yakahesabiwa kuwa kipande. Nafasi zote zikasogea, na orodha ikamwoza binti wa watu kwa babake mzazi, astaghfirullah.

Juzi nikapata dawa: kuhesabu mabano yote, hata nisiyoyataka. Nikatunga ujumbe wa mfano kuijaribu, na kila kipande kikatoka mahali pake. Niliruka hadi kichwa kikagonga boriti. Kwa furaha hiyo nikachapisha orodha na kuipeleka, mfano wangu ukiwa ndani.

Jana Nasreen, msaidizi wa Bi Mastura, akawasomea wapishi orodha, nami nipo. Akafika kwa Nasreen binti Mansur na Hashim bin Kassim, tarehe tano Disemba. Akasoma mpaka mwisho, sauti ile ile, kisha akauliza zitakwenda sufuria ngapi. Bi Mastura akasema kwa bwana harusi ambaye hata posa hajaleta, kibuli kimoja cha chai chatosha.

Mama, majina yale sikuyaokota. Tangu Ramadhani iliyopita ninayo moyoni, nikakuficha hata wewe.

Baadaye Nasreen aliniita kando. Alisema programu haina kosa, ila kwao posa haiji kwa orodha ya sufuria. Babake angoja wazee. Akaongeza kwamba tarehe nisiifute.

Basi mwombe Ami Abdulghani aandike barua ya posa, mje nayo Ijumaa baada ya swala. Wasalimu wote, na dada Nadira asicheke sana.

Mwanao akupendaye,
Hashim