Tata, Ukuta wa Ziwa Umekuacha Nje

Tata,

Ugonile, baba yangu, umelala salama? Mimi silali vizuri tangu masika yaishe, na sababu ni wewe. Nimekaa hapa Ipogolo, barazani, pale ulipokuwa unajifunika blanketi mchana kweupe ukisema Iringa ni ya watu wenye manyoya. Naandika kwa mkono. Kompyuta nimeichoka, nitakueleza kwa nini.

Mama mzima, ila goti linamsumbua. Kakao imezaa. Watoto wangu wanakukumbuka kwa mchele. Ulikuwa unapanda basi toka Kyela na mchele wako mwenyewe, eti ule ninaonunua wa Chimala ni wa kulisha kuku. Siku moja nilikupikia wa Chimala kwa siri, ukala sahani mbili, ukasifu Kyela. Sikukwambia mpaka leo. Samahani, lakini nilicheka sana.

Sasa sikia. Ziwa linakula ufukwe wetu wa Matema. Ulianza kuliona wewe mwenyewe, ile minazi miwili ilipoanguka. Sasa wakubwa wameamua utajengwa ukuta wa mawe, yale mawe yanayofungwa kwenye nyavu za chuma, na ofisi yetu ndiyo iliyopewa kazi ya kuchora ramani ya kuonyesha ukuta upite wapi. Picha zinatoka kwenye setelaiti. Unakumbuka nilivyokueleza kuhusu setelaiti ukauliza, "Sasa hicho kidude kinamwona mtu akioga?" Hakimwoni mtu, tata. Lakini wewe kinakuona. Zile picha kali za kununua zinaonyesha vigae vyeupe vya kaburi lako, kidoti kimoja kando ya maji meusi. Nilipokiona niliinuka nikaenda chooni kulia, kisha nikarudi kazini kama sijui kitu.

Halafu nikaona mstari. Injinia wetu alikuwa ameshauchora, mwekundu, ndiyo njia ya ukuta. Upande wa nchi kavu wa mstari ni salama. Upande wa ziwa, ziwa lijichukulie. Nyumba imebaki ndani. Jiko la mama ndani, migomba ndani. Wewe uko nje.

Machale yakanicheza hapo hapo.

Maana wiki hiyo hiyo baba mdogo Gwakisa alikuwa amenipigia simu. Ndugu yako huyo, ambaye tangu tukuzike hajawahi kunipigia hata kuulizia homa ya watoto. Sauti laini kama ya mzee wa kanisa anayeomba mchango. "Mwanangu Tusekile, kaka yangu anateseka na maji pale. Tumhamishie makaburi ya kanisa, kule mlimani, apumzike." Mh! Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa mtu akikuonea huruma ghafla, kwanza angalia mikono yake. Nikaangalia. Mama akaniambia baba mdogo amekuja na mgeni, mwanaume wa viatu vinavyong'aa, wakazunguka nyumbani kwetu tangu migombani mpaka ufukweni, na huyo mgeni alikuwa anahesabu hatua.

Wewe na mimi tunajua. Kwetu hakuna anayeuza ardhi yenye kaburi la mwenye nyumba. Nani atanunua? Nani atajenga hoteli juu ya baba wa watu? Kaburi likiondoka, ardhi inabaki uchi. Na ukuta ukishajengwa, ile sehemu ya juu, iliyo salama nyuma yake, itakuwa ya kugombaniwa.

Nikamwuliza injinia, kwa upole kabisa, kama alikula vizuri alipokwenda Kyela. Akasema alikaribishwa mbasa wa kuchoma na mzee mmoja mcheshi sana, jina lake Gwakisa. Loh! Nikasema basi, wameshayamaliza. Mstari umepindishwa kwa samaki.

Nikaanza kazi yangu ya pembeni. Jioni wenzangu wakiondoka, nabaki. Nikagundua injinia ametumia picha mbili tu, ya zamani na ya karibuni. Ya zamani ya kiangazi, ziwa limeshuka. Ya karibuni ya baada ya mvua kubwa, ziwa limejaa pomoni. Sasa ukilinganisha hizo mbili, hata ufukwe uliolala palepale utaonekana umekimbia! Ziwa letu linapanda na kushuka, kila mtoto wa Matema anajua. Nilipomwuliza kwa nini hizo mbili, akasema Kyela mawingu hayaishi, picha safi ni za kuokoteza. Jibu zuri. Zuri mno. Sikumwamini.

Nikatafuta nyingine. Picha za kiangazi peke yake, mwaka baada ya mwaka, kila ambayo wingu halijafunika kwetu. Katika kila moja nikachora maji yalipoishia. Nilikuwa nataka mistari ipandane, tata. Nilikuwa natamani ziwa liwe linaenda na kurudi tu, kama mtu anayepita kwa jirani, ili niingie ofisini kwa injinia nimtupie ramani mezani, kisha nimpigie simu baba mdogo nimpe vipande vyake. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Mume wangu akasema nimekuwa kama wewe, kila mtu mwizi mpaka athibitishe vinginevyo. Nikamwambia asante.

Mistari haikupandana.

Miaka ziwa lilipojaa, ardhi ilikatika. Miaka lilipopungua, maji yalirudi nyuma lakini ardhi haikurudi. Limebaki jiwe na mchanga wa chini. Kila mwaka mstari umesogea kwako kidogo. Nikarudia nikidhani nimekosea. Nikaenda mwenyewe nikapima kwa kifaa cha mkononi, mama amenishikia kofia. Kati ya vigae vyako na ukingo naweza kulala mimi na mtoto mmoja, basi. Injinia alichagua picha vibaya, lakini mstari wake uko sawa. Ziwa linakuja kukuchukua kweli. Nilikaa chini pale pembeni yako nikalia kwa hasira, maana sikuwa na wa kumlaumu.

Tukaita kikao cha ukoo. Nikasimama mimi, mtoto wa kike, na karatasi zangu, nikasema tata ahamishwe kabla ya masika mengine. Ungemwona baba mdogo! Uso uliwaka. "Si nilisema? Si nilisema mimi?" Akaanza kutaja gari la kukodi, mchungaji, makaburi ya kanisa, yote anayo kichwani tayari.

Nikamwacha amalize. Kisha nikaweka kidole kwenye ramani, ndani ya mstari mwekundu, nyuma ya ukuta, kati ya jiko la mama na migomba. Nikasema tutamzika hapa.

Baba mdogo akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Akasema taratibu, "Lakini mwanangu, hapo si katikati kabisa?" Nikamwuliza katikati ya nini. Akasema goti la mama haliwezi kukaa na kaburi karibu hivyo, sijui goti na kaburi vinahusiana nini. Ndipo mama akajifunga khanga vizuri, akasema, "Hapo hapo. Nikipika awe ananisikia." Kikao kikaisha. Baba mdogo hakungoja hata chai.

Kwa hiyo ziwa lilikuwa na kweli yake, na baba mdogo alikuwa na lake. Nilidhani ni kitu kimoja. Na bado simwamini, nakwambia. Jana amenitumia salamu za upendo.

Basi, tata, jiandae. Tutakusumbua mara moja tu, na utanisamehe kwa kelele za majembe. Nitakuwepo mwenyewe, sitamwachia mtu. Nikuahidi nini zaidi? Kwamba nikifa mimi, wanangu watajua mahali ulipo na kwa nini uko hapo. Kwaheri kwa sasa, baba yangu. Ukifika pale juu, kati ya jiko na migomba, lala kwa kujinyoosha. Chukua nafasi yote.

Mwanao,
Tusekile