Karasha Ni Langu, Bosi Ni Ndaki

Shangazi Martina, shikamoo. Nisaidie mwanao kabla Ijumaa haijafika.

Nipo Nyahanga, Kahama, nina karasha la kusaga mawe ya dhahabu nililolinunua kwa jasho la kuuza dagaa wa Nkome miaka sita, ila siku ya kulifungua niliogopa, maana wachimbaji wanasema mwanamke akimiliki mashine dhahabu inakimbia, na akifanikiwa ndiyo kabisa, katumia dawa, basi nikamweka mdogo wangu Ndaki akae mezani aitwe bosi, mimi nikafungua mgahawa getini, wachimbaji wananiita Mayu wa chai, yaani mama wa chai, na nikitaka kusema jambo kuhusu mashine yangu mwenyewe namnong'oneza Ndaki wakati namletea kikombe. Miaka minne sasa. Juzi akaniambia, "Dada, nimechoka kudanganya watu. Ijumaa tunaandikisha leseni, andika jina lako." Naogopa wateja watahama, na kusema kweli Shangazi, hata mimi mawe yakitoa kidogo nawaza labda sababu ni mimi. Nimwambie aandike lake tu? Tafadhali usitaje jina langu.

Mama L., Nyahanga

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Hofu yako haikutoka hewani. Hayo maneno ya "katumia dawa" yameumiza wanawake wengi huku kwetu, na sikulaumu kwa kujikinga.

Lakini nikugombeze kidogo. Miaka minne hiyo dhahabu imesagwa kwenye karasha la nani? La mwanamke, na haikukimbia. Mawe yakitoa kidogo, mwanamume mwenye karasha hulaumu mwamba. Wewe unajilaumu mwenyewe, tena huku umeshika birika.

Ndaki ni ndugu wa kushukuru, wengine wangeshajiandikisha kimyakimya. Ila kesho ataoa, atapata watoto, na karatasi itasema karasha ni la baba yao. Usimtie kwenye mtihani huo.

Ijumaa nendeni wote, ujaze majina yako yote matatu. Yeye mpe barua ya usimamizi. Jumamosi tafuta mtu wa kupika, wewe ukae mezani, na Ndaki awaambie wateja kwa mdomo wake mwenye mashine ni nani. Wachache wataondoka, itakuuma. Usiwafuate na chai.

Jina lako nimelificha hapa gazetini kwa sababu umeniomba. Ijumaa usimwombe mtu yeyote alifiche tena.