Nilisema Niko Nyutro, Dada Akapaka Chumba Rangi

Mshauri mpendwa,

Leo ni Jumapili, mwezi wa tatu unaishia, na mwaka huu natimiza miaka thelathini na sita tangu vita vinitoe kwetu. Naomba unisaidie kurekebisha neno moja nililolitamka kwenye simu, maana linaelekea kuvunja nyumba ya mdogo wangu.

Mimi ni fundi umeme mstaafu, ingawa majirani bado huniita swichi ikigoma. Naishi na mwanangu na wajukuu, na mke wangu tulimzika huku huku. Mdogo wangu wa kike alirudi kwetu vita vilipokwisha, akaijenga upya nyumba ya baba, na ndani yake akatenga chumba kimoja, akasema hiki ni cha kaka, akakitia kufuli, na ufunguo hauachi hata akienda kuoga. Sasa binti yake amefiwa na mume, amerudi kwa mama yake na watoto, nao wanalala sebuleni, wanatandika magodoro wageni wakishaondoka na kuyakunja kabla ya chai, wakati chumba changu kimekaa kitupu, na kaka yake binti huyo, ambaye ni karani wa mahakama, akamwambia mama yao kwamba kumnyima mjane chumba kwa ajili ya mtu asiyekuja ni dhuluma, mama mtu akaja juu, yakawa maneno, mpaka wakaona bora wanipigie niseme mwenyewe.

Wakaiweka simu kwenye spika. Mdogo wangu akauliza, "Kaka, utarudi hurudi? Sema hawa wakusikie."

Nami, mshauri, nikababaika nikasema, "Jamani, mimi niko nyutro."

Kwetu sisi mafundi nyutro ni waya. Watu huudhania hauna kazi, kwa kuwa unaotisha ni ule wa moto. Lakini umeme ukishapita kwenye taa hurudi ulikotoka kwa waya wa nyutro, na ukiukata waya huo, taa haiwaki, uwe na moto kiasi gani. Nilitaka kusema kwamba mimi sijakatika, kwamba kila kinachonipata huku mawazo yangu hukirudisha kwao. Hivyo ndivyo nilivyomaanisha, au ndivyo ninavyojiambia.

Karani akalidaka. "Mmesikia? Mjomba hana upande. Mwenye chumba amejitoa kwenye kesi."

"Kesi ya nani, wewe?" Mdogo wangu alikuwa anacheka. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, na yeye mke alikaa pembeni mwa usukani miaka mingi. "Gari likiwa nyutro injini inanguruma, bado kutia gia tu. Kaka yuko njiani huyo!"

Kisha nikasikia sauti ya binti mjane, kwa mbali kidogo, "Samahani mjomba. Hiyo nyutro ni ndiyo au ni hapana?"

Nikakohoa, nikasema mlangoni kuna mtu anabisha, nikakata simu. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Tangu hapo mdogo wangu amekipaka chumba rangi, ameingiza kitanda, na juzi ameniuliza kama napenda mto mnene au mwembamba. Mwanawe karani hamsemeshi. Nimepekua kamusi zote nilizo nazo, na kila moja inampa kila mmoja wao haki. Ukweli ni kwamba nikisema "kwetu" ulimi unaelekea kule, lakini miguu ikiamka asubuhi inajua njia za huku tu. Mdogo wangu ndiye mtu wa mwisho duniani anayeniita kwa jina nililopewa na mama. Nitamfafanulia vipi neno hili asiumie? Je, Kiswahili hakina neno laini zaidi la kushika mahali pake?

Fundi Mstaafu

JIBU

Mzee wangu, pole. Pole ya miaka, na pole ya mkeo. Sasa nivumilie, maana nitakusema.

Umeniandikia habari za waya, nami nimezifurahia, sikuwa nikizijua. Lakini hukuulizwa habari za waya. Uliulizwa utarudi au hurudi. Mteja wako angekuuliza, "Fundi, nishike hapa au nisishike?" ungemjibu kwa neno lenye maana tatu? Ungemuua. Neno hilo halikukuponyoka. Ulilichagua kwa sababu lina milango mingi, ukatokea ule wa nyuma, ukawaacha wenzio wanagombana sebuleni.

Karani amelisikia kama mtu wa mahakamani, mama yake kama mke wa dereva. Usiwalaumu, kila mmoja amelichukulia kwa kazi anayoijua. Aliyekuelewa barabara ni yule mjane, ndiyo maana alikuuliza swali fupi. Na ndiye uliyemkatia simu.

Unaogopa kumuumiza mdogo wako. Mzee, anaumia tayari, ila hajui. Kila siku anayongoja ni siku uliyomkopesha matumaini yasiyo yako. Leo ni mto, kesho atakwenda kukusubiri kituoni.

Basi fanya hivi. Mpigie peke yake, mchana, asiwe na watu, na mwambie azime spika. Usianze na hali ya hewa wala wajukuu, ukianza huko utaishia huko. Tumia neno ambalo hata mtoto wa yule mjane analijua, na ulitamke mara moja. Usifafanue. Akilia, mwache alie, nawe usikate simu, hata mlango ukibishwa kweli. Akishanyamaza, mwombe kwa kinywa chako amfungulie binti yake chumba, ili isiwe ni karani aliyeshinda wala mama aliyeshindwa. Halafu endelea kumpigia kila wiki, akuite jina lako. Hilo halihitaji chumba.

Wala usitafute neno laini. Lipo neno la kweli, na unalijua, kwa sababu katika barua yote hii umelizunguka bila kuliandika.

*

Jibu hili tulimtumia mapema, na kabla ukurasa huu haujakwenda mitamboni, Fundi Mstaafu alituletea ujumbe. Tunauchapa kwa ruhusa yake:

"Nimempigia leo. Nilimwambia kabla hajaniuliza habari za kifua changu. Akasema, 'Hebu rudia, kaka, sikusikii vizuri.' Alikuwa ananisikia vizuri. Nikarudia. Sitarudi."